Kadi za Alhamisi

Hippolyte Kalunga alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye ghala la vifurushi, stesheni ya Albertville, mji tunaouita sasa Kalemie. Mwaka 1961 alikabidhiwa funguo za maktaba ya wafanyakazi wa reli, maana Mbelgiji aliyeitunza alikuwa ameondoka baada ya uhuru wa Kongo. Hippolyte akapanga vitabu vyote kwa majina ya waandishi, akaridhika na kazi yake.

Siku moja akaingia Mama Emérance, muuguzi wa dispensari ya mtaani. Daktari wao naye alikuwa amekwenda, na wauguzi hawakuwa na mtu wa kumuuliza.

"Niko natafuta kitabu, Papa Hippolyte."

"Aliandika nani?"

"Sijui mwandishi. Najua kile ninachokiona: mutoto amevimba miguu, nywele zimegeuka nyekundu, hataki kula. Anzia hapo."

Hippolyte aliona haya. Kumbe alikuwa amevipanga kwa faida ya mtu ambaye tayari anajua. Wakakaa chini mchana mzima, wakapata vitabu viwili, na vilipingana. Cha kwanza kilisema figo zimeharibika, mtoto asipewe samaki wala nyama. Cha pili kilisema mtoto amekosa chakula cha kujenga mwili, alishwe.

Emérance alivibeba vyote viwili hadi dispensari, Hippolyte akamsindikiza. Mkubwa wa wauguzi pale, Papa Germain, alikuwa ameshamkataza mama wa mtoto kumpa samaki.

"Nimetibu watu miaka makumi mbili," alisema Germain. "Leo mulinzi wa vitabu njo atanifundisha?"

"Mimi sijui dawa, Papa," alijibu Hippolyte. "Najua tarehe tu. Hiki cha figo kilichapishwa 1931, hiki cha chakula 1957. Kusoma njo kazi yenu."

Germain alisoma amesimama, kisha akavuta kiti. Mwishowe akamwambia Emérance achemshe mkojo wa mtoto ndani ya kichupa. Figo zikiharibika, mkojo ukichemshwa huganda na kuwa kama maziwa; huu ulibaki angavu, bila utando. Figo zilikuwa nzima.

Wakaanza na maziwa kidogo kidogo, kisha uji wenye dagaa waliotwangwa. Wiki ya pili uvimbe ukashuka, na mtoto akaanza kulilia sahani ya mwenzake.

Alhamisi iliyofuata Germain alifika maktaba na maswali tisa kwenye karatasi. Ikawa desturi: wauguzi wanataja dalili, Hippolyte anatafuta ukurasa, wanausoma pamoja na kubishana, kisha yeye anaandika kadi: dalili, kitabu, ukurasa, mwaka wa kuchapishwa. Kufikia mwisho wa 1963 kadi zilipita mia nne, na nakala zake zilisafiri kwa treni hadi Kabalo.

Kutoka huko muuguzi aitwaye Lucie aliandika barua kali: kadi ya kuungua moto ilitaja ukurasa usio sahihi, naye alipoteza nusu saa akiutafuta.

Hippolyte aliwasomea wenzake barua hiyo kwa sauti, tena kwa furaha.

"Ametukosoa," alisema Germain.

"Ndiyo. Amefungua kitabu," alisema Hippolyte, akachukua kalamu na kuirekebisha kadi.