Mafiga Matatu Ofisini Kwangu

Usiponiamini sitakulaumu. Ningesimuliwa mimi, ningecheka. Lakini haya yalinipata hapa Endarasha, saa kumi jioni, nikiwa macho kabisa na brashi ya rangi mkononi, na mpaka leo yananikera.

Nilikuwa nimepata kazi ya kupokea malalamiko ya wateja kwa simu, nikiwa nyumbani. Sharti lilikuwa moja: niwe na chumba changu peke yangu, kimya, chenye ukuta safi. Msimamizi, mama mmoja wa Nairobi, angekikagua kwa kamera siku ya Ijumaa. Nisipopita, nafasi anapewa mwingine. Nilikuwa nimekaa miaka miwili bila kazi, nikila viazi vya mama yangu, kwa hivyo unanielewa.

Chumba kilichokuwa wazi kwetu ni kimoja tu: jiko la zamani la shosho, mama yake mama. Shosho alikufa kabla sijazaliwa na hakuacha hata picha. Aliacha jiko la mbao lililojaa masizi na, katikati ya sakafu, mafiga matatu aliyopikia maisha yake yote. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, ndiyo maana mama huniita maitu, yaani mama yangu.

"Paka rangi, weka meza, fanya vile unataka," mama aliniambia. "Lakini hiyo mawe usitoe, maitu. Mawe ya mwenye jiko haitolewangi."

Sasa niambie, ni nani ameona ofisi yenye mafiga katikati? Kiti changu kina magurudumu. Mama alipoenda sokoni niliyabeba kwa wilbaro, nikayapanga nje kuzunguka maua.

Tangu hapo hakuna kilichokubali. Nilipaka ukuta rangi nyeupe, masizi yakatokeza. Nikapaka tena, yakatokeza tena, manjano kama chai. Rafu ya vitabu ilianguka mara mbili. Pazia la bluu nililolichagua kwa siku nzima mjini Nyeri lilijaa ukungu wa unyevu kwa usiku mmoja. Na ile baridi! Najua kwetu kuna baridi, nimezaliwa hapa, lakini ndani mle nilivaa jaketi mbili huku nje jua likiwaka. Nilimlaumu fundi, nikailaumu rangi, nikakaribia kulia.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Jioni nikamwona bibi mmoja mlangoni, amebeba mzigo wa kuni mgongoni, ukanda umemkaza kwenye paji la uso. Nilidhani ni jirani wa mama, shosho yeyote tu wa kijijini.

"Nisaidie kutua," alisema.

Nilimsaidia kwa hasira, maana kuni zilitua juu ya zulia langu jipya. Yeye akazunguka meza, akitazama sakafu.

"Moto iko wapi?"

"Hapa hakuna moto, shosho. Hapa ni ofisi."

"Na mimi nitaota wapi? Nasikia baridi sana."

"Enda kwa nyumba kubwa ungoje mama, atakupea chai. Mimi niko na kazi."

Alinitazama kwa muda bila hasira yoyote. Nikainama kuchovya brashi, na nilipoinuka hakuwapo. Mlangoni nilikuwa nimesimama mimi. Angepita wapi? Kuni zilikuwa bado kwenye zulia, kavu kabisa.

Mama aliporudi aliushika ule ukanda wa kuni. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu mahali ulipokatika.

"Hii nilishona mimi nikiwa msichana," alisema. "Tulimzika nayo. Mawe iko wapi?"

Nikamwambia nitayarudisha baada ya ukaguzi. Kichwa changu ni kigumu, nakubali.

Ijumaa msimamizi alitokea kwenye kompyuta akitabasamu, kisha akakunja uso. "Na huyo shosho ameketi nyuma yako ni nani? Si tulisema uwe peke yako? Na mbona anatetemeka hivyo?"

Niligeuka. Niliona ukuta tu. Msimamizi akanipa mpaka Jumatatu, akisema ni mara ya mwisho.

Niliyarudisha mafiga saa ileile, moja moja, nikiwa nimeyakumbatia kifuani, nikawasha moto kwa kuni zile. Masizi hayakutokeza tena. Jumatatu msimamizi hakumtaja shosho yeyote; aliyaona mafiga, akadhani ni mapambo, akayasifu. Nikapata kazi.

Ungedhani nina furaha. Kila asubuhi nawasha moto kabla ya kuwasha kompyuta, na wateja wananifokea huku macho yananiwasha kwa moshi. Hilo nimelizoea. Kinachoniuma ni kwamba wengine wanamwona. Fundi wa waya alipoingia alimwamkia kwanza yeye. Mama humkuta akiota moto, wanatazamana, basi. Mimi nageuza kiti changu cha magurudumu mara kumi kwa siku na sioni mtu. Nimemwita kwa jina letu. Alinijia mara moja tu, nikamwambia niko na kazi.

Kwa hivyo wewe unayetafuta pa kuweka meza yako, uliza kwanza ni nani alipika pale. Na mtu akija mlangoni akisema anasikia baridi, weka brashi chini umtazame vizuri. Mimi nimejaribu sana, lakini uso wake siukumbuki.