Mliona Nini Kabla ya Kumwaga?

Nakumbuka mchana mmoja wa Jumatano, mwanangu, mlinzi wa maabara yetu alipokuja kunigongea dirisha, akaniambia langoni kuna mama amekuja kuchukua mkojo. Nilidhani kakosea kusema. Kwetu watu walileta mkojo, hawakuja kuuchukua. Nikateremka huku nacheka.

Sikucheka tena siku ile, wala wiki ile.

Ngoja nikueleze tulivyofika hapo. Miaka hiyo ya vijiji vya ujamaa nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimevuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba na cheti changu cha maabara, nikapata kazi kwenye shirika moja la dawa na uchunguzi, huko Mwanza, upande wa Ilemela. Jina lake sikutajii, lilishakufa siku nyingi. Kichwa kilinivimba, sikufichi. Nilikuwa na hadubini niliyoiita yangu, na kila barua niliyoandika nyumbani niliitaja mara tatu, kana kwamba nimeitengeneza mimi.

Shirika likatutuma kupima kichocho kwenye kijiji kimoja njia ya Kigongo, kijiji cha majaruba ya mpunga na lambo ambalo watoto walikuwa hawatoki ndani yake. Akina mama wakakataa. Umpe mgeni mkojo wa mwanao, unajua ataenda kuufanyia nini? Tulikaa na masanduku yetu ya chupa tangu asubuhi, hakuna aliyesogea. Ndipo aliposimama Mama Nyanzala, balozi wa nyumba kumi, mwanamke mrefu wa Kisukuma aliyeongea taratibu sana. Ni yeye aliyekuwa ametupa uji tulipofika. Akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Huyu nimemlisha," akasema. "Kikiharibika kitu, njooni kwangu."

Kisha akamwita mjukuu wake Kabula, mtoto wa miaka minane hivi, awe wa kwanza.

Basi pakawa na shangwe. Tuliwakimbiza watoto kuzunguka uwanja wa shule, maana mayai ya kichocho hutoka vizuri mwili ukichangamka, na Kabula akawashinda hata wavulana wakubwa. Mpaka leo naiona miguu yake ile myembamba ikitimua vumbi. Tukajaza chupa, kila moja na jina lake, nikamwambia Mama Nyanzala kwamba majibu tutayaleta baada ya wiki mbili. Hakuna aliyenilazimisha kusema wiki mbili, nilijisemea tu kwa kujiona mkubwa.

Chupa ya Kabula niliipima mimi mwenyewe. Mkojo ulikuwa mwekundu hata kabla sijautazama kwa hadubini. Nikaandika nilichoona, nikapeleka kwa mkuu wetu wa maabara, naye akasema majibu yote yaende kwanza makao makuu, yachapwe, yaidhinishwe, ndipo yatoke. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu, alifuata utaratibu aliokabidhiwa. Nami niliogopa kuonekana msichana wa shamba asiyejua utaratibu. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi saba. Dawa zilikuwepo stoo kwetu, nami nilipita mbele ya mlango wake kila siku nikienda kunywa chai.

Sasa turudi langoni. Mama Nyanzala alikuwa amekaa juu ya jiwe, vumbi limempanda hadi magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti yangu. Nimetumwa chupa zetu."

Akanieleza bila kupandisha sauti. Kijijini walikuwa wanasema ameuza mkojo wa watoto wao kwa wachawi wa mjini. Ubalozi walimvua. Wanawake hawakumwita tena kwenye zamu za kupalilia, na akifika lamboni kuteka maji wanahama. Amewaomba wampe nafasi aende Mwanza, arudi na zile chupa, kila mama akabidhiwe ya mwanawe, yaishe.

"Mama," nikasema, "tulishamwaga."

Akatazama mikono yangu, kisha akaniuliza, "Haya. Mliona nini kabla ya kumwaga?"

Nilikuwa najua, mwanangu. Nilijua jibu la Kabula kwa kichwa. Lakini nilimjibu hivi: "Majibu bado hayajaidhinishwa, mama." Na kwa aibu nikakimbia ndani, nikamletea vipande viwili vya sabuni na kalenda ya shirika, vitu tulivyokuwa tukiwapa wageni. Akavipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri, halafu akaviweka kwenye benchi la mlinzi.

"Sabuni ninayo. Umeona yaliyomo ndani ya mjukuu wangu, mimi niliyemlea sijayaona, halafu unanipa sabuni."

Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Kutoka langoni hadi barabarani hapakuwa mbali, ningemkimbilia ningemfikia. Nilisimama tu. Nikipewa leo dakika moja ya ujana wangu niirudie, nitaomba hiyo.

Jioni nilimwambia dereva wetu na mtunza stoo, nikilia. Dereva akasema, "Wewe unalia nini, Jumamosi si zetu?" Tukaenda watatu kwa mkuu. Nilitegemea atatufukuza, kumbe naye lilikuwa linamkera. Akatuandikia kibali cha gari na dawa, akamwandikia na mganga wa zahanati ya kule awe nasi. Yote hayo yalichukua siku kumi na moja.

Tulifika asubuhi, mganga wa zahanati akachukua mkojo mpya wa watoto, tukaweka hadubini juu ya dawati nje ya darasa, nikageuza kioo chake kielekee jua. Kila mama akainama kutazama. Mmoja alitazama muda mrefu, akauliza, "Haka kenye mwiba ndiko kako ndani ya mwanangu?" Nikamwambia ndiko, na lambo ndilo linalokaleta, na dawa ipo hapa. Wakapanga foleni wenyewe. Tulikula wali pamoja siku ile. Katika miaka yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo siku niliyofanya sayansi.

Lakini Mama Nyanzala hakuwepo. Aliporudi kutoka Mwanza mikono mitupu alikaa usiku mmoja tu, kesho yake akamchukua Kabula, wakapanda kivuko pale Kigongo wakavukia Busisi, kwa ndugu zake wa upande wa Geita. Wanawake wale wale waliomhama lamboni ndio walionieleza, wakijifuta machozi kwa kanga.

Nilivuka mara mbili kumtafuta. Wakati huo watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vipya, hujui nani yuko wapi. Sikumpata. Mpaka leo nikienda soko la samaki la Mwaloni kununua sato nawatazama usoni wanawake waliofikia umri wa Kabula. Nawakumbuka sana watu wale. Nilikaa nao siku moja tu, na kuna ndugu zangu wa damu nisiowakumbuka hivyo.

Umeniambia kampuni yenu ya vipimo mwezi uliopita ilifagia soko la Kirumba, wote mmevaa fulana za rangi moja, mkapiga picha. Nilitabasamu, sikukudharau. Fagieni, taka ni taka. Lakini mtu aliyekupa damu yake, au maji ya kisima chake, umrudishie jibu kwanza, kwa lugha yake, na alipeleke yule yule aliyechukua. Jumamosi zenu zitumieni kwa hilo. Mwache atazame kwenye hicho chombo kwa jicho lake. Na utaratibu ukichelewa, nenda mikono mitupu ukamwambie umechelewa, usimwache akusubiri kimya kimya. Kila kijiji kitakachokupokea, kuna mtu amesimama akakudhamini kwa wenzake. Mjue huyo kwa jina, maana ukikawia, lawama zote atabeba yeye.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akuongezee elimu na akuondolee woga wa wakubwa. Akupe miguu ya kurudi ulikopita na kinywa cha kusema ulichokiona. Na kila utakaporudi, uwakute bado wapo.