Koplo Punda wa Nainokanoka

Kwenye ukuta wa mapokezi ya kikosi chetu cha kutegua mabomu imetundikwa picha ya punda aliyevaa joho jekundu. Maelezo yaliyo chini yake yanasema kwamba mnyama huyu, kwa ujasiri wa kipekee, aligundua bomu huko Nainokanoka na kuwazuia askari wasilikanyage. Wageni wakishasoma hutikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwepo, na ndiyo maana huwa napita hapo upesi.

Wachungaji walikuwa wameona chuma kimechomoza ardhini baada ya mvua. Tulifika kwenye ukungu mzito, tukazungusha utepe, tukawasogeza watu mbali. Kapteni wetu alikuwa mtu wa kanuni hata kwenye kukoroga chai. Kabla hajamaliza kuvaa lile vazi zito la kazi, punda mmoja akapita chini ya utepe, akaenda kusimama pembeni kabisa mwa kile chuma, akasinzia. Punda husinzia wima. Kwetu Endabash hakuna asiyelijua hilo. Kapteni aliona mnyama yuko lindoni.

Kanuni zetu zinasema mtu akiingia ndani ya utepe, kazi inasimama. Punda hatajwi. Kapteni akaona salama ni kumhesabu kama mtu, kazi ikasimama. Akachukua kipaza sauti, akamwamuru atoke, kwa Kiswahili fasaha, tena na tena. Tuliwaomba morani waliokuwa wanatutazama wamwite. Wakajibu kwa adabu kwamba angekuwa ng'ombe wangesaidia, ila punda ni shughuli ya akina mama, na akina mama wamekwenda kuni. Basi jeshi likakaa kuwasubiri akina mama warudi na kuni.

Hawakuwahi. Punda alizinduka mwenyewe, akakipiga teke kile chuma, kikang'oka na kubingiria kuelekea kwetu. Kikosi kizima kililala kifudifudi. Tulipoinua vichwa tukaona mtungi wa gesi, mtupu, wa kambi ya watalii, uliofukiwa na mtu aliyeona uvivu kuurudisha mjini. Aliyebaki amesimama wakati wote ni punda, na kwa hilo simnyimi sifa yake.

Mambo yangeishia hapo kama wakubwa wasingekuwa wanataka kila kikosi kiwe na mnyama wake wa gwaride. Wenzetu walikuwa na beberu aliyepakwa rangi ya dhahabu kwenye pembe. Sisi hatukuwa na kitu. Kapteni alimtazama yule punda kama mtu aliyeokota pochi. Akawashukuru wanakijiji kwa hotuba ndefu, akagusia shida yetu, na mwenyekiti wa kijiji, mzee mkarimu sana, akasimama na kumtoa punda kwa taifa. Makofi yakapigwa.

Kasoro ilikuwa moja tu: punda hakuwa wake. Kule punda yuko mikononi mwa mama wa boma. Ndiye anayemfunga madumu, ndiye anayeshuka naye bondeni kwenye maji. Ni rahisi mwanamume kumtoa punda, kwa sababu si yeye atakayechota kesho.

Mwenyewe alirudi na mzigo wa kuni, akamkuta punda wake yuko juu ya lori. Alikuwa mama wa makamo, mkimya. Akatutazama wote, akanichagua mimi, mwanamke pekee kikosini.

"Mwanangu," aliniambia, "maji yako mbali. Nitabeba na nini?"

Nilimwambia, nikimwita mama kwa Kimaasai, "Ngoja, yeyo, nikaseme kwa mkubwa." Nikasema. Kapteni akanijibu kwamba zawadi kwa taifa hairudishwi, akaahidi kumwandikia yule mama cheti cha shukrani, na kweli alikiandika palepale. Mama akauliza cheti kinafanya kazi gani. Kapteni akaagiza lori liwashwe.

Kambini kwetu Karatu punda alishonewa joho, akapewa cheo cha koplo. Mimi sikuwa na cheo chochote. Nikateuliwa kuwa mtunzaji wake, kwa hoja kwamba mambo ya punda wanayajua wanawake. Kila asubuhi nilimpigia saluti kwanza ndipo nimwekee pumba. Nilipomsimulia mama yangu, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza yule mama mwenzake anachota maji na nini. Nilikasirika, maana kambi nzima ilikuwa inalikwepa swali hilo, nami nimo.

Mwaka huu tulirudi Nainokanoka kuzindua jiwe la kumbukumbu, pale ulipokuwa mtungi. Koplo alisafiri kwenye lori kwa saa nyingi, na alipopangwa mbele ya wageni ulimi ulikuwa nje. Kapteni akaagiza maji haraka, koplo asije akaanguka mbele ya wakubwa. Maji yaliyokuwa karibu yalikuwa mgongoni mwa mwanamke aliyekuwa anapandisha mlima ameinama, ukanda wa dumu umemkaa kwenye paji la uso. Alikuwa yeye.

Askari walimtua dumu kwa shangwe, wakaleta beseni. Punda akamnusa mikono, kisha akanywa. Alikunywa yote. Wapiga picha walipenda sana, mmoja akamwomba mama asogee kidogo, amemziba koplo.

Mama hakusogea. Alimkuna punda nyuma ya sikio na kumwambia kwa Kiswahili, nadhani ili nasi tusikie, "Kunywa tu. Wewe hukujitoa."

Halafu akaokota dumu lake tupu. Nilimwomba Kapteni ruhusa ya kwenda naye bondeni nikamsaidie kubeba. Alikataa kwa upole: gwaride lilikuwa linaanza, na mtunzaji hamwachi koplo wakati wa gwaride. Nikabaki nimeshika kamba, bendi ikaanza kupiga, na yule mama akashuka tena kufuata maji.