Boljointi Chini ya Kiti

Mume wangu Barasa hutengeneza magari Makongeni, Thika, katika uwanja wa mafundi ulio nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga unga. Mimi huuza chai na mandazi pale langoni. Tumekaa hapo miaka kumi na minne, yeye chini ya magari na mimi mbele ya jiko, na sijawahi kuona mtu anayeringia kazi yake kama yeye. Akitikisa gurudumu mara mbili anakwambia kilichoharibika. Kwa kawaida hupatia, na hilo ndilo lililotuponza.

Uwanja wetu una desturi moja ya kijinga, nami nimeitetea mara nyingi. Mteja akija na spea mkononi kabla fundi hajaangalia gari, anahesabiwa kuwa amemtukana fundi. Kwani mgonjwa huenda hospitali na dawa zake? Ndivyo mafundi wanavyouliza, halafu mteja wa namna hiyo anachekwa hadi aone joto.

Mwezi wa sita alikuja Mama Kui. Jina lake ni Dianah, mjane anayeishi Ngoingwa, na kazi yake ni kukodisha hema na viti vya plastiki kwa harusi na mazishi. Pikapu yake ni ya zamani, marehemu mumewe aliinunua kabla Kui hajazaliwa, na ndiyo inayowalisha. Alishuka na maboksi mawili mapya kutoka duka la Himatlal. Ndani mlikuwa na boljointi, kile kifundo cha chuma kinachoshikilia gurudumu la mbele lisichomoke, huku kikiliacha ligeuke.

"Fundi, upande wa kushoto inagonga nikipita bumps za barabara," alisema. "Nimenunua boljointi za pande zote mbili. Niwekee tu."

Barasa hata hakuyagusa yale maboksi. Alitia jeki chini ya chesisi, yaani fremu ya gari, gurudumu likaning'inia, akalitikisa. Lilicheza kulia na kushoto. Akalishika juu na chini, likatulia.

"Ni tairodi imeisha," alisema. "Boljointi iko sawa kabisa. Hizo rudisha kwa Himatlal."

Akabadilisha tairodi, yale mafimbo ya chuma yanayotoka kwenye usukani hadi magurudumuni, na bushi zake za mpira pia. Vyuma vya zamani akavitia ndani ya maboksi ya vile vipya, akamkabidhi, kama wanavyofanya mafundi wetu wote ili mteja aone kwa macho yake kilichotolewa. Mama Kui akaendesha gari hadi barabarani, akarudi.

"Bado inagonga."

"Mama, hiyo ni masikio yako," Barasa alisema kwa sauti ya kusikika hadi posho mill.

Mafundi wakacheka. Ouma, ambaye hucheka hata kabla mzaha haujaisha, alijishika magoti. Nami, birika likiwa mkononi, sikutaka kupitwa.

"Ama ni hizo viti zake huko nyuma zinamsengenya," nikasema.

Kicheko changu kilikuwa kikubwa kuliko cha Barasa. Naona aibu kuandika, lakini ukweli ni kwamba nilijisikia vizuri siku nzima. Mama Kui alisukuma maboksi yake mapya chini ya kiti cha dereva, akafunga mlango polepole, akaenda zake.

Wiki tatu baadaye, Ijumaa asubuhi, Barasa alipigiwa simu.

"Gari ya Mama Kui imevunjika mguu ya mbele," aliniambia. "Iko Mugutha. Alikuwa anapeleka viti kwa mazishi."

Niliuliza kama kuna aliyeumia. Akasema hakuna. Ouma hakuwepo wa kumsaidia, kwa hivyo nilizima jiko, nikabeba mfuko wa spana, tukaenda pamoja hadi huko Mugutha, karibu na Ruiru.

Tuliikuta pikapu imeinama kando ya barabara ya murram isiyo na lami, gurudumu la kushoto limejikunja chini ya matigadi. Ilikuwa imepita bumps polepole ndipo ikaanguka. Dakika kumi kabla ya hapo, Mama Kui alikuwa kwenye barabara kuu pamoja na malori na mabasi. Barasa aliitazama ile njia Mama Kui aliyotokea, akapiga magoti na kuanza kufungua bolti.

Nyumba ya mazishi ilikuwa mbele kidogo. Mwili ulikuwa umeshafika, na wazee walikuwa wamesimama juani. Waombolezaji walikuja wenyewe kuchukua viti. Akina mama wenye sare za kanisa walibeba vinne vinne kichwani. Sikuweza kusimama nikitazama, nikaweka mfuko chini, nikabeba pia. Bibi mmoja mzee aliketi kwenye kiti nilichomwekea, akanishika mkono.

"Asante mwanangu. Ngai akubariki."

Alidhani mimi ni wa familia ya marehemu. Ningemwambia nini? Nilipokea ile baraka, nikarudi kuchukua viti vingine. Vilikuwa vikigongana mikononi mwangu kila hatua, na kila vilipogongana nilisikia maneno yangu mwenyewe.

Niliporudi mara ya mwisho, Barasa alikuwa ametoa kile kifundo. Kilikuwa kimekatika.

"Nitatuma mtu kwa Himatlal alete ingine," alimwambia Mama Kui bila kuinua uso.

Mama Kui alifungua mlango wa dereva, akainama, akatoa boksi chini ya kiti. Utepe wa dukani ulikuwa haujabanduliwa. Wiki tatu zote kile chuma kilikuwa kimesafiri naye, hatua mbili kutoka mahali kilipohitajika. Barasa alilipokea lile boksi kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona akipokea spea kwa mikono miwili.

Alipomaliza, aliweka kile kilichokatika ndani ya boksi, akampa, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Kui, nisamehe. Nilikosea."

"Fundi, uliniambia masikio yangu ni mbaya mbele ya watu," alijibu. Hakupandisha sauti. "Hapa tuko sisi na bibi yako tu. Nitakuja Jumanne unifanyie ile upande ingine."

Siku nne hizo Barasa alikula kama mtu aliyelazimishwa. Alikuwa akiomba Mama Kui aje saa moja asubuhi kabla watu hawajafika. Najua kwa sababu nami niliomba hivyo hivyo. Hata nilimshauri aende amfanyie kazi kwake Ngoingwa, huko hakuna wa kutazama. Akakataa.

Mama Kui alikuja saa nne, uwanja umejaa. Barasa aliacha gari alilokuwa akitengeneza. Safari hii hakuweka jeki chini ya chesisi. Aliiweka upande wa kulia, chini ya mkono wenyewe, ule wa chuma unaobeba gurudumu.

"Ouma! Nyinyi wote, kujeni hapa."

Wakaja wakijifuta mikono.

"Ile siku niliweka jeki kwa chesisi," alisema. "Gurudumu ikining'inia, boljointi inavutwa, inakaa ngumu hata kama imeisha. Hiyo kitu naijua tangu nikijifunza kazi. Sikupima vizuri kwa sababu nilikuwa nimeamua huyu mama hawezi kujua."

Akampa Mama Kui mtaimbo. "Ingiza chini ya tairi, uinue."

Mama Kui akainua. Ko. Akainua tena. Ko.

"Hiyo ndiyo sauti ulikuwa unasema iko kushoto?"

"Ndiyo hiyo."

"Masikio yako iko sawa. Ni kiburi yangu ilikuwa inakudanganya. Nisamehe mbele ya hawa wote."

Hakuna aliyecheka. Ouma aliangalia viatu vyake.

"Sawa, fundi," Mama Kui alisema. "Weka sasa."

Akaja kuketi kwenye benchi langu wakati kazi ikiendelea. Nilimmiminia chai. Maneno ya kumwomba msamaha nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga tangu Mugutha. Kwa miaka kumi na minne nimewaambia wateja kwamba mume wangu ana kiburi, wakacheka, nami nikacheka nao.

"Chai yako ni tamu, Mama Lynn," alisema.

Nikamuuliza kama angependa mandazi. Akachukua moja. Nikapangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi, kisha nikaipangusa tena. Barasa akaleta boksi lenye chuma cha zamani, Mama Kui akalipokea, akaniaga, akaondoka. Kwenye bumps za langoni, mbele ya gari palikuwa kimya. Viti tu ndivyo vilivyogongana kule nyuma.

Barasa alisimama kando yangu akijifuta mikono.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia akirudi."

Aliitazama pikapu ikiingia barabarani.

"Arudi kufanya nini?" alisema. "Si gari imepona?"