Masizi Badala ya Moto

Harufu ya sabuni ya mche ikiungua bado hunirudisha uani kwetu Sumbawanga, msimu ule wa kipupwe, upepo wa Ufipa ukitukata masikio. Mama alikuwa fundi wa masufuria, mwanamke pekee mtaani aliyeshika nyundo, na alijivunia hilo waziwazi. Aligonga bati la alumini likiwa baridi mpaka likaanza kukakamaa. Hapo alinipa mimi, binti yake wa miaka kumi, nilipake sabuni na kuliweka juu ya mkaa. Sabuni ikigeuka nyeusi, bati limelainika, linarudi kwake kugongwa tena. Kwa sufuria moja kazi hiyo ilirudiwa mara nyingi, nami nilikuwa mvivu, sitaficha.

Wenzangu walikuwa wakicheza rede nje ya uzio. Siku moja nikagundua njia ya mkato: masizi yakipakwa vizuri yalifanana kabisa na sabuni iliyoungua. Nikayapaka, nikalipasha bati kidogo tu, nikampelekea. "Tayari, Mama." Aliniamini. Sufuria ile, ya mteja wa Kirando, ikapasuka ukingoni. Nikaogopa kusema, na kesho yake, Mungu anisamehe, nikarudia. Kwanza Mama alilaumu bati. Sufuria ya tatu ilipopasuka aliweka nyundo chini, akatazama kiganja chake. "Mwanangu, mkono wangu umeharibika. Siku hizi napiga vibaya." Hata hapo sikumwambia. Mwezi huohuo aliuza vifaa vyake, akaanza kukaanga maandazi, kazi ambayo hakuipenda hata siku moja.

Leo nafundisha ufundi wa metali chuoni. Kwa hadubini wanafunzi wangu huona nilichokuwa sikijui: ndani ya metali kuna punje ndogondogo, nyundo huzirefusha na kuzivuruga, mpaka ndani hakuna kinachoweza kusogea tena, na pigo linalofuata hupasua. Moto huzaa punje mpya, na metali ikalegea. Tanuri letu huonyesha joto kwa tarakimu, hakuna wa kulidanganya kwa masizi. Kila mwaka nalifundisha somo hili kwa sauti kavu, na kila mwaka naona aibu.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani nikamwambia yote. Nilitegemea anigombeze. Aliendelea kukanda unga.

"Kwa hiyo ningeweza kuendelea," akasema.