Nilivyotoka kusuka nywele Joburg nikawa mchoma sindano za Kijapani

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Asiyeamini asome tu, hana hasara.

Mimi ni Mtanzania, mwanamke. Nimesuka nywele miaka mingi pale Joburg CBD, kwenye jengo la zamani, juu saluni, chini kanisa. 2015 vidole vikaanza kuuma hadi nashindwa kushika kijiko. Mteja wangu akanipeleka kwa bibi mmoja wa Kizungu wa hapa hapa Sauzi aliyewahi kuishi Japani. Wote tulimwita Tannie, yaani shangazi kwa lugha yao.

Alinichoma visindano vyembamba kama unywele, wala sikujua viliingia saa ngapi. Baada ya wiki chache nikasuka kichwa kizima bila kusimama!

Nikamwambia nataka kujifunza. Akanishika vidole, akavigeuzageuza, akasema, "Hivi vimeshafundishwa nusu ya kazi."

Basi nikaanza. Asubuhi chuo cha tiba ya sindano, mchana kusuka, Jumamosi practical kwenye kliniki ya Tannie.

Kwa wasiojua: mtindo wa Kijapani hautafuti maumivu. Unapapasa tumbo, unashika mapigo, sindano inapita kwenye kibomba kidogo cha plastiki na kuingia kidogo mno. Mgonjwa akishtuka, umekosea.

Sasa 2018, mwaka wa mwisho, nikampeleka kliniki Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani jirani yangu hapa mtaani Troyeville, Joburg. Shingo ilikuwa imekakamaa kwa kuinamia mashine. Nami nilishajitangaza mtaa mzima kuwa ni daktari. Mdomo wangu huu jamani!

Nikaweka sindano mbili. Akaguna.

"Dada, miye sisikie kitu. Weka nguvu!"

Eish. Watu wetu mnawajua, dawa isipouma wanaona wametapeliwa. Tannie alikuwa chumba cha pili. Nikachukua sindano nyingine, nikaisukuma ndani kabisa.

"Njo vile!" akasema Mama Furaha, yaani ndivyo hivyo. Kisha jasho likamtoka, midomo ikabadilika rangi, akazimia.

Tannie akaja mbio, akachomoa sindano, akamwinua miguu. Alipozinduka akampa maji ya sukari.

Mimi hakunifokea, na bora angefoka. Alichukua trei yangu ya sindano akaifungia kabatini.

"Karatasi yako ya practical nitaisaini siku huyu mama atakapolala tena hapa kwa hiari yake, na wewe ndiye unayemchoma. Kwa sasa nenda kachome tango."

Tango kweli, wakuu. Unaliweka lielee kwenye beseni la maji, unalichoma bila kulizamisha wala kulizungusha. Ukitumia nguvu linakukimbia. Nilifanya hivyo kila asubuhi kabla ya chuo. Wanangu wakanicheka kwa Kizulu, jirani akauliza kama nimeanza uganga.

Bila ile saini hakuna mtihani wa mwisho, miaka yote hiyo ndiyo basi tena. Nikamfuata Mama Furaha mara mbili, nimebeba kitenge cha kushona kama kisingizio.

"Unitokee hapa," alinijibu bila kuinua macho.

Mara ya tatu sikubeba kitu. Nikasema mbele ya wateja wake, "Mama, kosa halikuwa la mwili wako. Nilijua haitakiwi kusukuma. Nilisukuma ili unisifu mtaani. Nisamehe."

Akasimamisha cherehani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akakata uzi kwa meno.

"Jumamosi nitakuja. Ukiniumiza tena, Troyeville utahama."

Akaja kweli. Akalala amekunja ngumi. Nikampapasa shingo taratibu mpaka ngumi zikafunguka zenyewe. Akaanza kunipa stori ya bibi harusi aliyenenepa wiki moja kabla ya harusi, gauni likagoma kufunga. Yeye anaongea, mimi nafanya kazi.

Katikati ya stori akakatiza, "Sasa dada, utaanza saa ngapi? Niko na kazi nyumbani."

Sindano saba zilikuwa tayari mwilini mwake.

Tannie hajui Kiswahili, nikamtafsiria. Akasogea, akazihesabu moja moja. Hakunisifu. Alitoa kalamu, akasaini palepale pembeni ya kitanda, huku Mama Furaha akiuliza huyu bibi anaandika nini.

Nililia, wakuu, sioni aibu kusema. Mtihani nikafaulu, 2019 nikasajiliwa, na leo najivunia hii kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Nilichojifunza: mteja akitaka umuumize ndipo akuamini, mkatalie hata akikudharau. Na ukimkosea mtu, kamwambie ukweli wote, hasa ule unaokuvua nguo.

Haya, mliowahi kuchomwa hizi sindano, na nyie mnaosema ni uchawi, uwanja ni wenu. Ila msiniulize kama inatibu kila ugonjwa. Haitibu.