Dorotea na Vikombe vya Mubirizi

Watu wa kawaida huumwa kwanza, ndipo wanywe dawa. Dorotea wa Gasorwe, mkoani Muyinga, Burundi, alianza na dawa, tena dawa ya matumbo ya watu wengine, akainywa mpaka akaumwa yeye. Ukimuuliza hadi leo atakwambia hakuwa na njia nyingine, maana mteja ni mteja.

Dawa yenyewe ilikuwa mubirizi, kichaka kinachojiotea kandokando ya nyua na kwenye mashamba yaliyolala. Majani yake ni machungu ajabu. Mbuzi mwenye njaa huyatazama, kisha huangalia kwanza kama hakuna kingine. Dorotea alijifunza kuyatumia Tanzania, upande wa Ngara, alikofikishwa mgongoni mwa mama yake wakati watu wanakimbia vita. Mama hakuishi sana, naye akalelewa na bibi mmoja wa jirani aitwaye Pili, mwanamke mkali asiyependa kurudia maneno.

Bibi Pili alimwachia mafundisho mawili. La kwanza lilihusu mubirizi: konzi moja ya majani, yaoshwe, yafikichwe kwenye maji safi, yachujwe. Mtu mzima mwenye gesi au minyoo anywe kikombe kidogo asubuhi, siku tatu, kisha aache. Mjamzito asiguse. Anayetumia dawa za hospitali za sukari au presha asichanganye. Na mwenye homa, hasa mtoto, akapimwe damu, kwa sababu mubirizi hauna macho ya kuona malaria. Fundisho la pili lilikuwa la adabu: kikombe cha mgeni hakiguswi. Unakijaza, unampa kwa mikono miwili, na ole wako ukikitia mdomo.

Mafundisho yote mawili yalikuwa mazuri, na yote mawili yakamponza.

Vita vilipotulia na malori ya wanaorudi yakaanza kupita mpakani Kobero, Dorotea naye alirudi, mjane asiye na mtoto, na begi moja na miche ya mubirizi iliyofungwa kwa kitambaa kibichi. Mtu wa forodha alimuuliza kama ni kweli anaingiza mubirizi Burundi, akamwonyesha kichaka hichohicho kimestawi nyuma ya choo cha ofisi. Dorotea akajibu kwamba huu wake wameshazoeana.

Huko Gasorwe alimkuta baba yake mdogo, Nazario, aliyelima shamba la ukoo miaka yote ile. Majirani walishajiandaa kwa ugomvi. Wengine walikuja na ushauri tayari mdomoni. Nazario hakuwapa nafasi. Alilipima shamba kwa mpini wa jembe, akaligawa katikati, akapanda miti ya mpaka, akasema, "Hii ni ya mukubwa wangu, sasa iko yako." Watu wakarudi kwao wamenuna.

Jumapili iliyofuata Dorotea alimkaribisha chai. Akakijaza kikombe pomoni, akampa kwa mikono miwili, akainamisha macho ili mgeni anywe bila kutazamwa. Nazario akakipokea. Akakitazama kikombe, akamtazama Dorotea, akangoja. Chai ikapoa, ikaweka utando juu. Mwishowe akakiweka chini taratibu, akaaga kwa upole, akaenda zake.

Akaja tena Pasaka, akaja Noeli, mambo yakawa yaleyale. Alimsaidia kuvuna maharage, alimtengenezea paa, lakini tone moja la chai halikupita kooni mwake. Jambo hilo lilimuuma Dorotea kuliko njaa. Nyumba ambayo ndugu wa damu hanywi kitu ndani yake, kilima kizima huijua, na minong'ono haihitaji mbolea. Baba mdogo amenipa shamba, aliwaza, lakini ananiona mtu wa sumu. Na yeye ndiye ndugu pekee aliyenibakia. Nikifa, nani atanizika kama mtu wa hapa?

Hapo ndipo akili ilipomjia, na ilikuwa mbaya. Aliamua kwamba watu wengi wakinywa kitu kutoka mkononi mwake na wakabaki wazima, Nazario ataona aibu kuendelea kumwogopa. Akabeba ndoo ya mubirizi na vikombe vya plastiki, akaenda sokoni.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mwenye gesi. Alikipokea kikombe, akamrudishia. "Onja kwanza, mama."

Dorotea aliona ni haki yake. Dawa haijulikani, na mwenye dawa ametoka ugenini. Akaonja, mzee akanywa, akabeua kwa furaha, na habari ikaenea. Wa pili akasema onja. Wa tatu akasema onja, lakini upande huu nitakaonywea. Mama mmoja alisema ule haukuwa mwonjo, alikuwa amelowesha mdomo tu. Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja. Kuhusu mwonja mubirizi hawakusema kitu, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa mjinga kiasi hicho.

Biashara ikanoga. Kila mteja alikunywa kipimo cha Bibi Pili bila kuzidisha, akapumzika siku ya nne kama alivyoagizwa. Dorotea peke yake hakupumzika. Ndizi mbivu ikawa chungu mdomoni mwake, ugali ukawa mchungu, hata maji. Mikono ikaanza kutetemeka, naye akajisemea ni uchovu wa kulima. Jioni alitandika mkeka mlangoni, akitumaini Nazario atapita akiwa na kiu.

Ndipo akatokea Cibalonza, Mkongomani wa Kivu ya Kusini aliyeuza vitenge Gitega na kupita Muyinga akienda kuchukua mzigo Kobero. Alikunywa mubirizi kwa siku zake tatu, siku ya nne akarudi na maneno mengi.

"Mama Dorotea, dawa yako iko muzuri kabisa. Tumbo yangu ilikuwa inaimba usiku na mchana, sasa imenyamaza. Tuende Gitega. Kwetu Musinzira batu iko na matumbo ya shida, na we uko hapa unajificha kwenye mulima."

Dorotea alifikiri: sifa za Gitega zikifika Gasorwe, baba mdogo atafanyaje? Akaenda.

Mtaa wa Musinzira ulikuja wote. Walikuja wenye gesi, wenye minyoo, na wengine wasio na kitu ila kuona foleni. Dorotea aliwachuja wajawazito, akawaambia wenye homa waende zahanati, akawauliza wengine wote kuhusu dawa za hospitali. Katika hayo hakukosea hata mara moja. Lakini watu wa mjini huonjesha kwa ukali. Cibalonza alipoona rafiki yake anageuka rangi, alijaribu kupanga kwamba mwonjo mmoja utoshe kundi zima. Foleni ikakataa: ndoo inaweza kuwa salama, na kikombe je? Akapendekeza waume wawaonjee wake zao. Mume mmoja akaanza kufikiri kabla ya kunywa, mke akamwona akifikiri, na ugomvi wao ukasimamisha kazi kwa muda mrefu.

"Leteni," alisema Dorotea. "Nitaonja mwenyewe."

Alionja cha huyo mke, akaonja cha huyo mume, akaanguka.

Alizinduka zahanati, na muuguzi Donatienne amemshika mkono.

"Presha imeshuka, sukari imeshuka. Ulikunywa nini?"

"Mubirizi."

"Ulikuwa na minyoo?"

"Hapana."

"Gesi?"

"Sina."

"Alors, basi ulikunywa juu ya nini?"

"Ili watu wasiogope."

Donatienne aligeuka dirishani. Nje walikuwa wamesimama wateja na vikombe vyao mkononi, hawajanywa hata mmoja, wakingoja kuona kama mwenye dawa ataamka. Muuguzi alivuta pumzi ndefu. Alisema dawa ni dawa hata ikiota nyuma ya choo, na kwamba huo mubirizi Dorotea asiuguse tena hata kwa ulimi. Anywe chai yenye sukari, na akihisi kutetemeka anywe palepale, asimngoje mtu.

Habari mbaya haingoji gari. Dorotea alipofika Gasorwe, kilima kilishajua kwamba amejilisha sumu yake mwenyewe. Hakuna aliyesimama njiani kumsalimu. Vikombe vyake vilibaki Gitega, isipokuwa kimoja kilichokuwa kwenye begi. Alichemsha chai, akaketi mlangoni, akalia bila kujificha. Alitaka kuaminiwa na mtu mmoja, na sasa hata wale wengine amewapoteza.

Nazario alipanda njia na fimbo yake, akaketi kwenye mkeka bila kualikwa.

"Nilisikia uko mugonjwa," alisema.

"Nimepona, baba." Alimimina chai, akakijaza kikombe kama alivyofundishwa, akakiinua kumpa. Mikono ikaanza kutetemeka, chai ikamwagikia vidole, macho yakaingia kiza. Akakumbuka maneno ya muuguzi. Kwa aibu kubwa alikigeuza kikombe kile cha mgeni, akapiga mafunda mawili yeye mwenyewe. Kikombe kingine hakuwa nacho. Akabaki amekishika, hajui pa kukiweka, akimwomba Bibi Pili msamaha huko aliko.

Nazario alinyoosha mkono, akakichukua. Akanywa.

Dorotea alimtazama kama mtu aliyeona ng'ombe akiomba radhi.

"Kumbe unajua," alisema mzee.

"Najua nini, baba?"

"Kuonja. Mwenye nyumba anaonja, mugeni anakunywa. Ni hivyo tangu zamani, hata kama ni maji. We ulikuwa unanipa tu, halafu unaangalia chini. Mi nilisema, labda kule Tanzania walimufundisha kunichukia, juu ya shamba. Nikawa nakuja tu, nangoja. Nilisikia unaonjea soko yote. Nikasema, mi peke yangu tu hataki kunionjea."

"Kule kwetu ukigusa kikombe cha mgeni umemtukana," alisema Dorotea.

Kila mmoja akaihesabu chai iliyopoa tangu Jumapili ile. Kisha Dorotea akaanza kucheka, na kicheko kikachanganyika na machozi, na mzee akatazama migomba mpaka binti wa kaka yake alipomaliza.

Alipokunywa tena, uso ulimkunjamana wote. Kikombe kile kilikuwa kimekunywa mubirizi miezi mingi sokoni, na sukari yote ya Gasorwe isingekiosha.

"Chai yako iko chungu sana," alisema.

Akaimaliza mpaka tone la mwisho, akakirudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Tia ingine," alisema. "Lakini onja."